Shoti ipi? Kabla hujailaumu mazabodi

Sisi mafundi wa kompyuta tuna neno moja linalotupotezea muda kuliko yote: shoti. Mteja akisema "mashine inapiga shoti", huenda amegusa kasha akatekenywa vidole. Mwingine anasema maneno hayohayo, kumbe akibonyeza swichi feni inaruka kidogo, kisha kimya. Wa tatu akichomeka tu waya ukutani, nyumba nzima inaingia giza. Kiswahili kimewalaza wote watatu chumba kimoja, lakini magonjwa yao hayana hata undugu wa mbali, na aliyetibiwa ugonjwa wa mwenzake anaondoka na bili tu.

Jioni moja kijana alifika kibandani kwangu, Kariakoo, kasha begani na jasho linamtiririka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Weka hapo. Ina nini?"

"Mazabodi ina shoti. Mpya kabisa hii, nimeifunga mwenyewe juzi. Nimeshabadilisha na pawa saplai, bado vilevile."

"Ile uliyoitoa iko wapi?"

"Nimempa mtu wa vyuma chakavu."

Nilinyamaza kwanza. Pawa saplai ile, kama utakavyoona, haikuwa na kosa lolote. Lakini tuanze na wale wengine wawili, tuwatoe njiani.

Anayetekenywa vidole hana shoti kwenye mazabodi. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo zinazounganisha njia ya umeme wa ukutani na bati la kasha, kazi yake kuzuia kelele za umeme zisitoke kwenda kusumbua vifaa vingine. Aliyezibuni alitegemea kwamba bati hilo limeungwa na waya wa ethi. Ethi isipokuwepo, bati linabaki linaning'inia katikati, karibu nusu ya volti 230 za ukutani, yaani kama 115 hivi. Mkondo wenyewe ni mdogo sana, ndiyo maana unatekenya badala ya kuua, na unausikia zaidi ukiwa pekupeku kwenye sakafu yenye unyevu. Sasa tazama tunavyochomeka: ekstensheni isiyo na waya wa tatu ndani, plagi ya kugeuzia yenye miguu miwili, pini ya ethi iliyokatwa kwa koleo ili iingie kwenye tundu la ajabu, au nyumba ambayo fimbo ya ethi haijawahi kuchimbiwa ardhini. Katika hali hiyo hata ukibadilisha mazabodi kumi, vidole vitaendelea kutekenywa. Tafuta soketi yenye ethi ya kweli. Wala usiuzoee mtekenyo huo, kwa sababu unakwambia kwamba siku pawa saplai ikivuja kwelikweli, hakuna kitakachokukinga. Ukipigwa kwa nguvu, si kutekenywa, chomoa na usirudishe.

Yule wa nyumba kuingia giza ni mfupi zaidi. Kama breka inashuka pale tu unapochomeka, kosa liko upande wa umeme mkubwa: kwenye waya, plagi, au ndani ya pawa saplai. Ng'oa nyaya zote za pawa saplai kutoka kwenye mazabodi, ichomeke peke yake. Ikishusha breka tena, umeshampata. Usiifungue. Kapasita kubwa ya ndani hubeba zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki nazo muda mrefu baada ya kuchomoa.

Amebaki wa katikati, ambaye ndiye aliyenifanya nikae kuandika: feni inaruka robo mzunguko, labda taa inamulika, halafu kimya. Hiyo inaweza kuwa shoti halisi, yaani chuma kimegusa mahali kisipotakiwa na njia ya volti 12, 5 au 3.3 imekutana uso kwa uso na graundi. Pawa saplai nzuri ina mlinzi ndani yake. Ikiona mkondo umefumka hukata kwa kasi kuliko unavyoweza kupepesa jicho, na nyingi hujifunga kabisa: bonyeza swichi mara mia, hazitikisiki, mpaka uchomoe waya wa ukutani, usubiri, ndipo urudishe. Hapo ndipo wengi wanapotangaza msiba. Wanaona pawa saplai iliyonyamaza wanasema imekufa, kumbe imefanya kazi yake. Ya kijana wangu iliuzwa kwa kilo kwa sababu ya uaminifu wake.

Kabla hujaanza kufungua skrubu, hesabu sekunde. Mashine inayowaka, ikakaa kama sekunde nne, ikazima, mara nyingi haina shoti bali ina swichi ya mbele iliyokwama ndani. Mazabodi inaamini bado umebonyeza, na ukibonyeza kwa sekunde nne inajua unataka kuizima kwa nguvu. Vuta kiwaya cha swichi kwenye mazabodi uone. Na ile ambayo feni zinazunguka bila kukoma ila kioo cheusi, hiyo nayo si shoti. Itazame ramu kama imekaa sawasawa mpaka vibanio vimelia, na utazame kama hukusahau waya wa prosesa, ule wa pini nne au nane unaoingia pembeni juu. Kuusahau si aibu. Umewahi kunipita mimi nikiwa na mteja anayeongea sana.

Sasa tuje kwenye vinguzo, ambako naweza kusema bila kusita kwamba ndiko makosa mengi ya wafungaji wapya yanakoanzia.

Mazabodi hailali juu ya bati la kasha. Inasimama juu ya vinguzo vidogo vya chuma, vingi vyenye rangi ya dhahabu, urefu wake kama milimita 6, kwa sababu mgongoni kwake kuna mamia ya ncha za risasi zilizotokeza kama miiba. Kila ncha ni mwisho wa njia fulani ya umeme. Kwenye matundu ya skrubu kuna pete ya rangi ya fedha, na pete hiyo ni graundi, imewekwa ili iguse chuma. Kwa hiyo skrubu na kinguzo vikikutana hapo hakuna ugomvi, ni graundi kukutana na graundi. Wazee wetu wa kazi walikuwa wanaweka vibati vya karatasi nyekundu chini ya kila skrubu kwa hofu, na bado wapo vijana wanaorithi hofu hiyo. Kwa mazabodi za leo havihitajiki. Ugomvi ni pale kinguzo kinaposimama mahali pasipo na tundu.

Kinafikaje hapo? Tangu Intel watoe muundo wa ATX mwaka 1995, makasha yametengenezwa yapokee mazabodi za ukubwa tofauti. ATX kamili ina milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244, na mini-ITX ni 170 kwa 170. Baadhi ya matundu yanalingana kwa zote, mengine hayalingani. Kiwanda kinauza kasha likiwa na vinguzo tisa vya ATX vimeshakazwa, wewe unanunua micro-ATX kwa sababu bei yake ni nafuu, unaiweka, inakaa vizuri kabisa, unakaza skrubu zote unazoziona. Kinguzo kilichozidi kimejificha chini, kimekandamiza ncha mbili za risasi, na wewe unatazama juu unajipongeza.

Kwa yule kijana wa kasha begani kilikuwa kimoja tu. Niliinua mazabodi, nikamwonyesha mgongoni alama ndogo ya kung'aa, kama mkwaruzo wa ukucha, palipokuwa pakigusa. Nikamwambia akikung'oe kwa mkono wake. Mazabodi iliwaka mara ya kwanza, kwa ile pawa saplai mpya ambayo hakuihitaji. Aliomba jina la yule mtu wa vyuma chakavu, kana kwamba mimi ndiye ninayemfahamu.

Namna ya kuzuia hili ni kazi ya dakika mbili. Hesabu matundu ya mazabodi yako mkononi. Hesabu vinguzo kwenye kasha. Namba zisipolingana, usiendelee. Kisha ilaze mazabodi, washa tochi ya simu, chungulia kila tundu: lazima uone uzi wa kinguzo ukikutazama. Vingi vinang'oka kwa vidole au koleo. Lakini yako makasha ya bei ya chini ambayo vinguzo si vya kung'oka, bali bati lenyewe limefinyangwa likainuka kama chunusi. Chunusi iliyo nje ya tundu funika kwa tepu ya umeme, tabaka mbili, na uhakikishe mazabodi bado inakaa bapa. Kinyume chake ni hatari vilevile: kinguzo kikikosekana chini ya pembe moja, siku unapochomeka waya mkubwa wa pini 24 kwa nguvu mazabodi inapinda, na mgongo unalibusu bati.

Ukishamaliza vinguzo, angalia bati la nyuma, lile lenye matundu ya USB, mtandao na sauti. Lina vilimi vya chuma vinavyotakiwa kuegemea nje ya soketi. Kimoja kikipinda, kinaingia ndani ya tundu la mtandao au la USB na kugusa pini. Ni rahisi kukigundua: jaribu kuchomeka flashi kwenye kila tundu la USB, na pale panapokataa ndipo penye mgeni. Skrubu iliyodondoka nayo haifai kudharauliwa. Ukisikia kitu kimeanguka ndani usijiambie utakitafuta baadaye. Zima, chomoa, inua kasha, ligeuze, litikise mpaka ukione kwa macho yako. Mimi nina kawaida ya kuweka skrubu zote kwenye kifuniko cha chupa ya maji, na kazi haiishi mpaka kifuniko kiwe tupu au nijue kilichobaki ni cha nini.

Nyaya za mbele za kasha ndizo zinazodanganya kwa sura. Kiunganishi cha USB na cha sauti vyote vina pini tisa na nafasi moja iliyozibwa, ila nafasi hiyo haiko mahali pamoja. Ukikilazimisha kimoja kwenye makao ya mwenzake unapinda pini au unapeleka volti 5 zisikotakiwa. Kikikataa, kisikilize.

Na sasa jambo ambalo hugharimu watu fedha nyingi kuliko vinguzo. Waya wa prosesa unaweza kuwa na pini nane. Waya wa kadi ya grafiki nao unaweza kuwa na pini nane. Kwa mbali ni mapacha, lakini upande ambao mmoja una volti 12, mwingine una graundi. Plastiki zake zimechongwa tofauti ili zisikubaliane, lakini mkono wa mtu aliyechoka saa tano usiku hushinda plastiki. Soma maandishi kwenye kichwa cha waya: CPU ni ya prosesa, PCIe ni ya kadi. Mbaya zaidi ni pawa saplai ambazo nyaya zake huchomolewa pande zote mbili. Upande wa mazabodi mpangilio ni wa pamoja duniani kote. Upande wa pawa saplai hakuna kanuni. Kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na wakati mwingine mtengenezaji mmoja ana mipangilio miwili. Waya wa mashine ya zamani unaingia taratibu kabisa kwenye pawa saplai mpya, hauleti ubishi wowote, halafu unapeleka volti 12 kwenye njia ya volti 5. Diski zote zinakufa kwa pamoja. Ukinunua pawa saplai ya mtumba bila nyaya zake, umenunua nusu ya kitu, na nusu hiyo ina meno.

Ukiwa umepita kote huko na feni bado inaruka na kunyamaza, acha kubahatisha ndani ya kasha. Itoe nje.

Chukua boksi la karatasi ambalo mazabodi ilikuja nalo, ilaze juu yake. Usiilaze juu ya ule mfuko wa kijivu unaong'aa, wala sponji nyeusi. Vyote viwili vimetengenezwa ili umeme tuli upate pa kupita, na kitu kinachopitisha umeme hukiweki chini ya mazabodi iliyowashwa. Bakiza prosesa, kipozeo chake na kipande kimoja cha ramu. Hakuna diski, hakuna kadi, hakuna USB, hakuna hata swichi ya kasha. Chomeka waya wa pini 24 na ule wa prosesa. Kwenye pini za mbele tafuta mbili zilizoandikwa PWR au PWR_SW, ziguse kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi, nusu ya sekunde, uachie. Hiyo ndiyo swichi yenyewe. Kile kitufe cha kasha hakifanyi zaidi ya hapo.

Feni ikizunguka na kuendelea, mazabodi ni nzima na mkosaji ni kasha au kimoja kati ya vile ulivyovitoa. Rudisha kimoja kimoja, ukiwasha kila mara. Uvivu wa kurudisha vitatu kwa pamoja utakurudisha mwanzo. Feni ikiruka na kufa hata juu ya boksi, chomoa ukutani, gusa tena zile pini mbili mara moja kumaliza umeme uliobaki, kisha ng'oa waya wa prosesa peke yake na ujaribu tena. Sasa feni zikiendelea kuzunguka, umepata habari kubwa: shoti iko kwenye njia inayomlisha prosesa. Toa kipozeo, tazama bamba lake la nyuma kama ni la chuma na karatasi yake ya kuhami ipo. Toa prosesa, mulika soketi kwa pembe. Soketi za Intel zina pini nyembamba kama nywele. Ile ya LGA1151 ina pini 1151, na mbili tu zikilaliana zinatosha kuharibu siku. Tazama pia kama pesti ya joto haikufurika. Ya kawaida, nyeupe au kijivu, haipitishi umeme, lakini ile ya metali ya kimiminika inapitisha vizuri sana.

Pawa saplai nayo ipimwe kabla ya kusingiziwa. Ikiwa imetengwa na kila kitu, unganisha waya wa kijani wa kile kichwa cha pini 24 na mweusi wowote kwa kipande cha waya, kisha chomeka ukutani. Usitegemee feni, kwa sababu nyingi za sasa feni yake haizunguki mpaka ipate joto. Tumia multimita: njano isome kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, chungwa karibu 3.3. Kama nyaya zote ni nyeusi, tafuta mchoro wa pini kwanza, usikisie.

Nimetaja multimita. Ya bei ya chini inatosha, lakini ina mtego mmoja uliozika mazabodi nyingi zikiwa hai. Umechomoa kila kitu, umeweka ncha nyeusi kwenye pete ya tundu la skrubu, na nyekundu unaipeleka kwenye soketi ya waya wa prosesa, upande wa volti 12. Kwenye mazabodi nzima utaona omu mamia au maelfu, mara nyingi namba ikipanda taratibu kwa sababu kapasita zinajaa. Ukiona sifuri au karibu yake, hiyo ni shoti, na mara nyingi ni mosfeti iliyoungua kando ya prosesa. Halafu unapata hamu ya kupima zile koili za mraba zilizozunguka soketi. Multimita inalia piii. Unashika kichwa. Tulia! Njia hiyo ndiyo inayoingia ndani ya prosesa yenyewe, na prosesa hula mkondo mkubwa kwa volti ndogo, kama moja hivi. Upinzani wake kwa kawaida ni mdogo sana. Kulia pale hakuthibitishi kitu. Njia ya volti 3.3 nayo husoma chini kuliko ya 12 na ya 5, isikushtue.

Kwa mashine iliyokwisha kutumika, hasa huku pwani, ongeza macho. Hewa ya chumvi huota kijani kwenye ncha za risasi. Mende huacha uchafu. Mjusi hupenda joto la pawa saplai na wakati mwingine hufia humo, akiwa ameunganisha alichokuwa hajui ni nini. Mswaki laini na alkoholi ya isopropili vinasafisha mengi ya hayo, ilimradi uache pakauke kabisa kabla ya kuwasha.

Ukiona kichipu kimepasuka, au harufu ya kuungua haitoki hata baada ya siku, hapo umefika mwisho wa kazi ya mezani kwako. Kutafuta kapasita moja iliyoungua kati ya mamia na kuilehemu upya kunahitaji vifaa na mkono uliozoea. Mpelekee fundi, lakini mpelekee na maelezo: ilikuwa juu ya boksi, ilikuwa na nini, uliponyofoa waya wa prosesa ilifanyaje, pawa saplai imesoma ngapi. Mweleze na ethi ya kwako ikoje. Akikutajia bei ya mazabodi mpya kabla hajashika hata multimita, mwambie unakwenda kunywa chai utarudi, na uondoke na pawa saplai yako.